Biashara ya ngozi: urembo unalipa, saratani inangoja wafadhili

Katika tiba ya ngozi, mteja anayelipa vizuri kuliko wote ni yule asiyeumwa. Huja kwa hiari yake, hulipa taslimu kabla ya kuhudumiwa, na akiridhika hurudi. Aliyechomwa Botox ili kupunguza mikunjo ya paji la uso hana budi kurudi baada ya miezi mitatu au minne, maana dawa yenyewe huisha nguvu. Mtu mwenye kidonda cha sikio kisichopona, anayetoka kijijini Geita au Kishapu, hufika kwa njia nyingine kabisa. Amechelewa, ameuza mbuzi kupata nauli, na akifika hospitali jambo la kwanza analotafuta ni ofisi ya ustawi wa jamii aombe msamaha wa gharama. Wote wawili huangukia mikononi mwa daktari wa fani moja. Pengine ni yuleyule, asubuhi hospitali ya umma na jioni kliniki binafsi.

Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, kliniki za ngozi na urembo zimekuwa biashara inayotangazwa waziwazi: kuondoa nywele kwa leza, kuchubua uso kwa tindikali ili kufuta madoa ya chunusi, kujaza mashavu na midomo, kukata masundosundo. Hospitali za umma nazo zimeingia. Muhimbili Mloganzila imeanza miaka ya karibuni kutoa upasuaji wa urembo, huduma ambayo Watanzania wenye uwezo walikuwa wakiifuata India na Uturuki. Sioni ubaya. Hospitali inahitaji mapato, na mkono uliozoea kushona ngozi ya mtu anayetaka kupendeza ndio huohuo unaoweza kuziba pua ya mtu aliyekatwa uvimbe. Swali ni mapato hayo yanakwenda wapi, na hilo nitalirudia.

Biashara hii ina hatari ambayo mteja haioni kwenye tangazo. Leza hufanya kazi kwa kutafuta rangi. Mwanga wake hunyonywa na melanini ya nywele, ukaunguza shina. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, kwa hiyo mashine isiyofaa huunguza ngozi kwanza kabla ya nywele. Kwa watu weusi, leza ya Nd:YAG yenye wimbi la nanomita 1064 ni salama zaidi kwa kuwa hupenya chini bila kunyonywa sana juu, wakati ile ya aleksandriti yenye nanomita 755 ina mafanikio yake makubwa kwenye ngozi nyeupe. Mwenye kliniki anayenunua mashine iliyotumika kwa sababu ni rahisi anaweza kuwa amenunua malengelenge na mabaka ya wateja wake. Ongeza keloidi, yale makovu yanayoota na kuvimba, ambayo huwapata sana watu wetu, na utaona kwa nini kazi hii haifai kufanywa na mtu aliyesoma kozi ya wiki mbili.

Hata hivyo kliniki ni sehemu ndogo ya soko. Sehemu kubwa ipo kwenye maduka ya vipodozi ya Kariakoo na kwenye saluni za mitaani, na jina lake ni mkorogo. Muuzaji huchanganya krimu mbili tatu, mara nyingi yenye haidrokwinoni, nyingine yenye steroidi kali kama klobetasoli, na wakati mwingine sabuni yenye zebaki. Mteja hung'aa kwa wiki kadhaa. Kisha ngozi hukonda, mishipa huonekana, mistari hutokea, na haidrokwinoni ya muda mrefu huacha weusi wa kijivu ambao hakuna krimu inayoufuta. Siku hizi kuna pia sindano za glutathioni, zinazouzwa kama vitamini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi, lakini dripu hizo zinatundikwa saluni.

Sheria ipo. Tanzania ilipiga marufuku viambato hivyo miaka mingi iliyopita, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umetoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS. Rwanda ilianza msako mkali madukani mwishoni mwa 2018. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana 2023 kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Bidhaa zinaendelea kuingia kwa sababu faida ni kubwa, kopo ni dogo, na mipaka ni mirefu.

Hapa ndipo urembo na saratani vinapokutana. Melanini ndiyo kinga ya asili dhidi ya jua, na anayejichubua anailipia ipungue. Madaktari wa Dakar wamechapisha taarifa za wanawake waliopata saratani ya ngozi shingoni na sehemu nyingine zilizoangaziwa na jua baada ya miaka mingi ya kujichubua. Ni wachache bado. Lakini ni wanawake weusi ambao ugonjwa huo ulipaswa kuwa nadra kwao.

Saratani ya ngozi kwa Mwafrika mweusi ina njia zake. Melanoma hujificha kwenye nyayo na chini ya kucha. Kovu la kuungua lililodumu miaka mingi na kufunguka tena linaweza kugeuka saratani. Saratani ya Kaposi ilikuja kwa wingi pamoja na Ukimwi. Mzigo mzito zaidi, hata hivyo, umewaangukia watu wenye ualbino, na Tanzania ina wengi: makadirio yanayotajwa kwa muda mrefu ni mtu mmoja katika kila 1,400. Utafiti wa Dk. Luande na wenzake uliochapishwa mwaka 1985, uliofuatilia watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam, ulionyesha kwamba jua huanza kuharibu ngozi utotoni na kwamba saratani zilizokomaa huja katika umri wa miaka ishirini na thelathini. Hawa ni vijana waliotakiwa kuwa kazini, wakilea watoto.

Kinachouma ni jinsi ugonjwa huu unavyoweza kuzuilika kwa bei ndogo. Kabla ya saratani hutokea magamba makavu usoni, masikioni na mikononi. Afisa tabibu aliyefunzwa huyagandisha kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sekunde chache, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Shida ni kwamba naitrojeni hugeuka mvuke na kupotea hewani hata ikiwa ndani ya mtungi wake, hivyo kila kilomita ya barabara kutoka kiwandani ni hasara. Magamba yakiachwa huwa uvimbe, nao unahitaji chumba cha upasuaji, dawa ya ganzi, na maabara ya kupima nyama. Uvimbe ukiachwa ukafika kwenye mfupa wa uso au tezi za shingo, inabaki mionzi. Kwa miaka mingi mionzi ilipatikana Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, hadi hospitali ya Bugando ya Mwanza ilipoanza nayo. Hesabu nauli, ndugu wa kumsindikiza, wiki kadhaa za kulala Dar es Salaam. Kila hatua ya kuchelewa huzidisha gharama mara nyingi, na mwisho wake mgonjwa bado anaweza kufa.

Moshi ndiko jibu lilikoanza. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, RDTC, kimefundisha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 maafisa tabibu na baadaye madaktari bingwa kutoka nchi nyingi za Afrika. Ndani ya eneo hilohilo kuna karakana inayotengeneza losheni ya jua ya KiliSun, iliyoanzishwa na mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto Valdés, kwa msaada wa kitaalamu na malighafi kutoka kampuni ya Kijerumani ya BASF. Losheni hiyo ina kinga ya SPF 30 na zaidi, imetengenezwa kwa joto letu, na baadhi ya wanaoitengeneza wana ualbino wenyewe. Hugawiwa bure kwenye huduma mkoba za ngozi, ambako mashirika kama Standing Voice, lililoanza kazi zake Ukerewe, hupima watu na kuwafundisha.

Tufanye hesabu ambayo kila mpanga bajeti angepaswa kuifanya. Kipimo kinachopendekezwa na madaktari ni kijiko kimoja cha chai kwa uso na shingo, na kimoja kwa kila mkono. Hiyo ni mililita 15 kwa kupaka mara moja. Mkulima akipaka mara mbili tu kwa siku anatumia mililita 30, na kopo la mililita 100 linaisha siku ya nne. Akivaa shati la mikono mirefu, anabaki na uso na shingo, mililita 10 kwa siku, na kopo linafika siku kumi. Kofia pana hurefusha zaidi. Kwa hiyo shati na kofia ni vitu vya kununuliwa kwa fedha ya afya sawa na losheni, na sare ya shule ya mtoto mwenye ualbino inapaswa kuwa na mikono mirefu bila mzazi kubembeleza mwalimu mkuu.

Nani alipie? Leo, kwa kiasi kikubwa, mfadhili. Mfadhili ana bajeti ya miaka mitatu, jua halina. Kenya ilionyesha njia zaidi ya miaka kumi iliyopita ilipotenga fungu la serikali la losheni kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Tanzania ina karakana, ina wataalamu, na tangu 2023 ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bohari ya Dawa ikisaini mkataba wa miaka mitano na watengenezaji wa ndani, kiwanda kitaweza kukopa benki, kununua malighafi kwa wingi na kushusha bei ya kopo. Na hospitali za umma zinazovuna fedha za urembo zinaweza kuelekeza sehemu ya mapato hayo, hata asilimia ndogo, kununua mitungi ya naitrojeni na mafuta ya gari la huduma mkoba la mkoa wao. Mteja wa Botox hataumia kwa nyongeza hiyo.

Cha muhimu ni kitita cha mafao ya bima. Losheni ya jua ikiandikwa humo kama kipodozi, haitalipiwa. Ikiandikwa kama dawa kwa mtu mwenye ualbino, duka la dawa la wilayani Sengerema litakuwa na sababu ya kuiweka rafuni.