Reli Ikishajengwa, Nani Ataiendesha?

Soko la nguo la Shahe, katika wilaya ya Tianhe mjini Guangzhou, hufunguliwa watu wengine wakiwa usingizini. Kabla hakujapambazuka taa za vibanda zinawaka, wapagazi wanapita mbio na vitoroli vilivyolundikwa mifuko myeusi, na ikifika mchana biashara kubwa imekwisha. Hapa ndipo wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, na Eastleigh, Nairobi, wanapochukulia jinzi, blauzi na fulana za bei ya chini. Ukiomba kipande kimoja muuzaji anageuza uso. Mzigo ukishafungwa unapelekwa kwenye ghala la wakala wa kontena, na wa Nairobi, ukishuka Mombasa, mara nyingi hupandishwa treni ya reli ya kisasa (SGR) hadi bandari kavu ya Embakasi.

Kwa hiyo watu hawa ni wateja wa reli kuliko wanavyojihesabu. Wengi wao ni wazazi pia, na si ajabu kwamba mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita kwa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anarudi nyumbani na wazo la kumtafutia chuo cha uhandisi wa reli huko huko China. Kutoka Shahe hadi stesheni ya Guangzhou Mashariki si mbali. Njia inayotoka pale kwenda Shenzhen ndiyo iliyoanza kupitisha treni za kilomita 160 kwa saa mwaka 1994, ya kwanza China kufikia kasi hiyo katika huduma ya kawaida. Miaka 30 baadaye, mwaka 2024, abiria wa Dar es Salaam na Dodoma walipanda treni ya umeme iliyosanifiwa kwa kasi hiyo hiyo. Anayeyaona hayo kwa macho yake lazima apate hamu.

Hamu ni nzuri, ila soko la vyuo lina ujanja wake kama soko la nguo. Wakala wa nafasi za masomo atakutajia jina kubwa, atakuonyesha picha ya treni ya mwendokasi, kisha atataja ada yake. Tuanze na majina basi. Chuo Kikuu cha Southwest Jiaotong, kilichopo Chengdu, kilianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya reli na hadi leo reli ndiyo kazi yake. Beijing Jiaotong kilianza mwaka 1909. Vipo pia vya Lanzhou na Dalian, na Changsha ambako chuo cha reli kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Central South mwaka 2000. Shanghai Jiao Tong kinasifika kuliko vyote hivyo, lakini sifa yake ya leo ni meli, mitambo na tiba. Ukiuziwa hicho kama chuo cha reli, uliza maswali zaidi.

Afrika Mashariki kupeleka vijana huko si jambo jipya. Mwaka 1972, reli ya TAZARA ya Tanzania na Zambia ikiwa bado inajengwa, karibu vijana 200 wa nchi hizo mbili walipelekwa Beijing, katika chuo hiki hiki ambacho sasa ni Beijing Jiaotong. Hawakufundishwa kuchimba tuta tu. Walifunzwa vichwa vya treni, mabehewa, ishara na mawasiliano, uendeshaji wa safari, hata uhasibu wa reli, na walirudi mwaka 1975 njia ikikaribia kukamilika. Mpango ule ulikuwa na akili kuliko mingi iliyofuata, kwa sababu aliyeupanga alijua kwamba siku mjenzi anafungasha virago, treni ya asubuhi bado inapaswa kuondoka. Kenya ilifuata njia ya aina hiyo kuanzia mwaka 2016, pale kampuni ya CRBC, mjenzi wa SGR ya Mombasa na Nairobi, ilipoanza kuwadhamini vijana kusoma Beijing Jiaotong.

Hapo ndipo penye uamuzi wenyewe. Wazazi wengi wakisikia uhandisi wa reli wanafikiria ujenzi: madaraja, mahandaki, mataruma. Kazi hiyo ipo, tena ndiyo inayopigwa picha na wanasiasa, lakini ina mwisho. Kilomita 472 za Mombasa hadi Nairobi zilianza kujengwa mwishoni mwa 2014 na treni ya kwanza ya abiria ilitembea Mei 2017. Mhandisi wa tuta aliyeajiriwa mwanzoni alikuwa na kibarua cha miaka miwili na nusu, kisha akaanza kutafuta mradi mwingine. Mtu wa ishara, wa umeme wa njia au wa magurudumu na breki ameanza kazi siku ile mwenzake alipomaliza, na njia hiyo itamhitaji yeye na atakaowafundisha kwa miongo mingi. Ningekuwa na mtoto wa kumpeleka, ningemwachia mwingine hilo tuta.

Hata katika fani za uendeshaji, chuo kizuri kinaweza kukufundisha mtambo usioutumia kwenu. Reli ya Kenya ni ya dizeli. Ya Tanzania ni ya umeme wa kilovolti 25, imejengwa kuanzia Dar es Salaam na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi, vichwa na treni zake za umeme vimetengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, na ishara zake zinafuata mfumo wa Ulaya, ETCS. China ina mfumo wake, CTCS, ambao katika ngazi zake za juu unakaribiana sana na ule wa Ulaya lakini si kitu kimoja. Kijana aliyesoma ishara Chengdu hatapotea akija Dodoma. Atahitaji muda tu, na mwajiri anayejua hivyo. Juu ya hayo, Tanzania peke yake ina njia za vipimo vitatu: reli ya kati ya zamani yenye milimita 1,000, TAZARA 1,067, na SGR 1,435. Fundi anayeielewa ya zamani bado ana mkate wake.

Kuna ngazi ambayo wazazi huidharau, na huko China ndiyo inayobeba reli. Dereva, fundi ishara na fundi nyaya kwa kawaida hawatoki chuo kikuu. Wengi wanatoka vyuo vya ufundi vya miaka mitatu, kama Chuo cha Ufundi wa Reli cha Guangzhou, katika jiji hilo hilo lenye soko la Shahe. Vyuo vya aina hiyo hukubaliana na mashirika ya reli na metro: shirika linasema linahitaji watu wa aina gani, darasa linaundwa, na mwanafunzi anafanya mazoezi kwenye mitambo atakayoikuta kazini. Kwetu vyuo vya ngazi hii vipo, Tabora nchini Tanzania na Railway Training Institute jijini Nairobi, kilichoanza mwaka 1956. Havina picha za kupendeza za kubandika ukutani, lakini viko karibu na karakana na mwajiri. Kwa anayetaka shahada ya uzamili bila kujifunza Kichina, Chuo Kikuu cha Addis Ababa kina kituo cha umahiri cha reli cha Afrika kinachofundisha kwa Kiingereza, na Ethiopia yenyewe ina reli ya umeme hadi Djibouti iliyozinduliwa mwaka 2016.

Kichina chenyewe kisichukuliwe kwa wepesi. Kozi nyingi za shahada za reli hufundishwa kwa lugha hiyo, na mwanafunzi hutumia mwaka mzima kuisoma kabla ya kuanza hesabu. Halafu kuna karatasi za nyumbani. Shahada ya uhandisi ya China ni ya miaka minne, ya Kenya ni mitano, na Bodi ya Wahandisi ya Kenya ina masharti yake kuhusu kozi inazozitambua. Tanzania kuna Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ya kutambua shahada na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya kumsajili mhitimu. Barua ya kuuliza vyombo hivi ni nafuu kuliko ada ya muhula mmoja, na iandikwe kabla ya kumlipa wakala yeyote. Ufadhili wa serikali ya China hupitia ubalozi na wizara ya elimu, au chuo chenyewe, na maombi hufanywa miezi ya mwanzo wa mwaka kwa masomo ya Septemba.

Kazi je, zitakuwepo? Uganda ilisaini na Yapı Merkezi Oktoba 2024 mkataba wa kilomita 272 za Malaba hadi Kampala, njia ya umeme. Upande wa Tanzania kipande cha Mwanza hadi Isaka kiko mikononi mwa Wachina, na kile cha kuingia Burundi kimeshapata mkandarasi. Kijana atakayeanza mwaka wa Kichina Septemba ijayo atashika shahada yake miaka mitano baadaye, wakati wakandarasi wa vipande hivyo, kama ratiba zitashikwa, watakuwa wanakabidhi funguo au wameshazikabidhi. Aliyesoma ujenzi atakuta kambi zinabomolewa. Aliyesoma ishara atakuta matangazo ya ajira.