Mwili Wako Una Makarao Hatari: Hii Ndio Breki Inawazuia Kukuchapa Wewe

Saa hii ukisoma hii stori, kuna seli zinapiga doria kwa damu yako zikiwa na silaha tayari. Zinaitwa seli NK, yaani wauaji wa asili. Hazingoji chanjo wala kufunzwa ndio zijue adui. Wasayansi wa Karolinska, Stockholm, walizipa hilo jina 1975 baada ya kuona seli za panya zikimaliza kansa bila mafunzo yoyote.

Sasa, mbona hazikumalizi wewe?

Toa kipande

Unajua vile karao hukusimamisha usiku? Hata kama hujafanya kitu, bila kipande umeshikwa. NK ni hivyo. Karibu kila seli yako imevaa protini inaitwa HLA hapo nje. Hiyo ndio kipande. Mwaka wa 1986, Klas Kärre na wenzake walionyesha kwa panya kwamba seli za kansa zenye zimepoteza hiyo kipande ndizo NK huchapa. Zenye bado ziko nayo huachwa.

Mbona seli igonjeke halafu ipoteze kipande? Juu HLA pia huanika vipande vya kitu kiko ndani, na wale askari wengine, seli T, huvisoma. Virusi ikitaka kujificha, inaficha HLA. Hapo inahepa T, inaangukia mikono ya NK.

Breki inashika aje?

NK iko na gesi na breki. Gesi, kama NKG2D, hunusa seli zenye ziko na shida. Ikikanyagwa, fosfati zinabandikwa kwa protini za ndani na stima inawaka. Breki ni KIR na NKG2A. Zikigusa HLA, zinaita enzaimu inaitwa SHP-1, na kazi yake ni kubandua hizo fosfati. Stima inapotea kabla risasi itoke.

Na hiyo breki hushika tu pale seli mbili zimegusana. NK inaweza kukuachilia, igeuke, imalize jirani yako.

Vita ikiisha, kuna protini inaitwa TGF-beta yenye huambia NK zitulie. Bila hiyo, mwili ungejiumiza.

Wajanja wa mtaa

Noma ni kwamba adui alisoma hii sistimu yote. HIV huondoa HLA-A na HLA-B ndio T zisione, lakini aina zingine za hiyo virusi huacha HLA-C, juu KIR husoma hiyo sana. Yaani inatupa kipande moja, inabaki na ile karao anapenda kuona. Kansa nayo humwaga TGF-beta ndio NK zilale, na nyingine huvaa HLA-E kwa wingi ndio zikanyage NKG2A.

Madaktari wakasema, basi tuzibe hiyo breki. Dawa ya monalizumab ilitengenezwa kuziba NKG2A. Lakini 2022, jaribio lake kubwa kwa kansa ya kichwa na shingo lilisimamishwa, juu haikuonyesha itasaidia wagonjwa vya kutosha. Majaribio kwa kansa zingine yakaendelea. Kutoa breki moja haimaanishi gari itaenda. Pengine gesi haijakanyagwa, ama kuna breki ingine chini yake.

Kwa hivyo jichanue

Mtaani kila mtu anakuuzia kitu ya "kupandisha kinga". Kinga si sauti ya redio eti ukiongeza ndio poa. Kinga yenye haina breki hugeuka ikule mwenyewe, na wasee wenye wanaishi na lupus wanajua hiyo maumivu. Kinga poa ni ile inajua wa kuchapa, na inajua saa ya kuacha.

Next time mtu akikushikisha chupa ya maajabu, muulize swali moja tu: na breki je?