Mtoto Aanzapo Kujitegemea Nyumbani

Mtoto akiisha kujua kutembea, nyumba yote hugeuka. Jana alikaa mkekani pale alipowekwa. Leo yuko mlangoni, na kesho atakuwa uani karibu na jiko. Huo si utundu, bali ni kukua, na yafaa mzazi ajiweke tayari mapema. Makala haya yaeleza namna ya kwenda sambamba na mtoto wa mwaka mmoja hata miaka mitatu, hasa katika nyumba za Likoni, Kisauni na Changamwe.

Kwanza yafaa kujua ya kuwa hatua ya kwanza haina siku maalum. Mwaka 2006 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya watoto wenye afya katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Omani na Marekani. Ilionekana ya kuwa karibu wote huanza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na miezi 18. Basi mama asifadhaike kwa kuwa mtoto wa jirani ametangulia. Lakini mtoto akifika miezi 18 bila kutembea, na aonyeshwe muuguzi wa kliniki. Siku hiyo si vigumu kuikumbuka, kwa maana ndio umri wa chanjo ya pili ya surua.

Baada ya kutembea huja kupanda, kufungua, kumwaga, na lile neno "sitaki". Mtaalamu Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, alieleza ya kuwa katika umri huu mtoto hujaribu kujiongoza mwenyewe. Akizuiliwa kila mara na kuaibishwa, huingiwa na haya na kutojiamini. Hapo ndipo penye shida ya wazazi: akiachiwa huru ataumia, na akifungiwa atadumaa nia.

Wazee walisema, Mtoto akililia wembe mpe. Methali hii ina hekima yake kwa mtoto awezaye kukumbuka maumivu na kuyapima. Mtoto wa miaka miwili hajafika huko. Mkono wake hutangulia fikira zake. Kwake yeye wembe haupewi, wala haukatazwi mara mia kwa siku. Huondolewa, naye akapewa kijiko.

Nyumba nyingi za huku bara ya Mombasa zina vyumba vya kupanga pande mbili, ukumbi katikati, na ua nyuma. Kila chumba kina watu wake, na kila watu wana jiko lao. Mtoto hajui mpaka wa chumba na chumba, kwa hiyo haitoshi mama mmoja kuwa mwangalifu. Wapangaji wote yawapasa kupatana. Njia nyepesi ni kupiga magoti na kutazama ukumbi na ua kwa kimo cha mtoto. Utaona mambo manne.

La kwanza ni moto. Jiko la makaa huwekwa chini, nalo hubaki na moto mwingi hata baada ya chakula kuepuliwa. Lizungushiwe matofali au liwekwe juu ya jukwaa imara, na karai la mafuta lisiachwe hata kidogo bila mtu. Mtoto akiungua, mmiminie maji safi ya baridi muda wa dakika 20. Ikiwa bomba ni kavu, tumia kata na ndoo. Usimpake dawa ya meno, wala siagi, wala unga. Kisha mfunike kwa kitambaa safi umpeleke hospitali.

La pili ni mafuta ya taa. Yakitiwa katika chupa ya soda, mtoto huona soda. Yawekwe katika chombo chake chenye kifuniko, juu asipofika. Akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu akitapika mafuta huweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali upesi pamoja na kile chombo.

La tatu ni maji. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima lilifika Mombasa mwaka 1957, lakini hata leo maji hayatoki kila siku katika kila nyumba, na kwa hiyo watu huweka akiba katika ndoo na mapipa, na wengine hutumia visima. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa kulinganishwa na mwili wake. Akiinamia ndoo akatumbukia, hawezi kujiinua, wala hapigi kelele. Maji ya inchi chache yatosha kumwua. Ndoo tupu na ifudikizwe, pipa lifunikwe, na kisima kiwe na mfuniko wa kufungwa.

La nne ni vyenye makali. Mbuzi ya kukunia nazi, yenye meno ya chuma, huachwa mara nyingi pembeni mwa ua. Ikishatumiwa, itundikwe juu pamoja na visu.

Hadhari hizi ni bora kuliko dawa. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani: mtu wa Likoni hungoja feri, wa Kisauni hupita daraja la Nyali, na wa Changamwe hupita Makupa. Kwa mtoto aliyeungua, safari hiyo ni ndefu.

Mambo hayo yakiisha kutengenezwa, makatazo hupungua, na hapo uhuru huwezekana. Mpe kazi ndogo: achukue kikombe chake, alete ndara za baba, anawe mikono mwenyewe. Atamwaga maji, lakini atajifunza. Mpe hiari kati ya vitu viwili, kama nguo hii au ile, badala ya kumwuliza kama ataka kuvaa. Akijitupa chini kwa hasira, kaa karibu naye, usimpige, ngoja itulie, kisha mwambie kwa maneno machache. Neno "hapana" liwekwe kwa mambo ya hatari, ili likisikika liwe na uzito.

Neno hilo na liwe moja kwa wote, yaani mama, baba, bibi na yaya. Bibi akiruhusu alilokataza mama, mtoto hajui amtii nani. Wala mtoto wa miaka saba asifanywe mlinzi wa mdogo wake penye moto au kisima. Naye bado ni mtoto.

Mwisho, ukaguzi wa mara moja hautoshi. Rafu isiyofikiwa mwezi huu itafikiwa mwezi ujao. Basi kila mwezi uandamapo, piga magoti tena utazame.