Gari Linaposafirishwa kwa Meli: Mambo ya Kutarajiwa na Mwenye Kuagiza

Wananchi wanaokusudia kuagiza magari kutoka Japani, Dubai, Uingereza na kwengineko wanafahamishwa kwamba mnunuzi huingia katika mikataba miwili, wala si mmoja. Wa kwanza ni baina yake na muuzaji. Wa pili ni wa uchukuzi, nao umo nyuma ya hati ya shehena, kwa maandishi madogo ambayo aghlabu husomwa baada ya dhara kutokea. Kwa wengi gari ni kiinua mgongo cha mstaafu au mchango wa ndugu walio ng'ambo, na fedha hizo hazipatikani mara mbili.

Magari mengi huletwa kwa meli maalumu ambazo gari huendeshwa hadi ndani na kufungwa sakafuni kwa mikanda. Nauli yake hupimwa kwa ujazo, si kwa uzito. Gari lenye urefu wa mita 4.5, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 1.5 huhesabiwa kuwa na ujazo wa mita 11.5 hivi, na nauli huzidishwa kwa kipimo hicho. Kwa kuwa ufunguo hukabidhiwa kwa madereva wa bandarini, makampuni mengi hukataza kutia mizigo ndani ya gari. Mwenye kuficha nguo, redio au sufuria chini ya viti asitaraji kufidiwa vikikosekana. Njia ya pili ni kontena, ambamo gari hufungiwa peke yake au pamoja na mengine. Njia hiyo ni salama zaidi kwa vitu vidogo, lakini gharama za kupakia na kufungua huongezeka.

Tarehe ya kuwasili inayotajwa na kampuni ni makadirio tu. Safari ya kutoka Japani huchukua wiki kadhaa, na gari laweza kuteremshwa kwanza Mombasa au Dar es Salaam, likangojea chombo kingine cha kulileta Unguja.

Jambo linalohitaji hadhari kubwa kuliko yote ni hati ya shehena yenyewe. Kwa desturi hutolewa nakala tatu za asili, na yeyote atakayewasilisha moja kwa wakala wa meli hupewa mzigo, hapo zilizobaki zikakosa nguvu. Ndiyo sababu muuzaji huzizuia mpaka alipwe fedha zake zote, na ndiyo sababu mnunuzi hapaswi kumkabidhi nakala ya asili mtu asiyemjua vyema. Jina la mpokeaji na namba ya chasisi vilinganishwe na ankara, herufi kwa herufi. Kosa la tarakimu moja hulifanya gari lisimame bandarini huku tozo za hifadhi zikiongezeka kila siku. Malipo nayo yapelekwe katika akaunti ya benki yenye jina la kampuni iliyoandika ankara. Muuzaji anayeomba fedha ziende katika akaunti ya mtu binafsi, kwa kisingizio chochote kile, aachwe.

Kuhusu bima, wengi hudhani kwamba kampuni ya meli italipa thamani kamili ya gari likipotea. Sivyo. Kanuni za The Hague za mwaka 1924, ambazo hati nyingi huzifuata kwa namna moja au nyengine, huweka kikomo cha fidia, na humwondolea mchukuzi dhamana ya moto isipokuwa moto huo umetokana na kosa lake mwenyewe. Hilo si jambo la mbali. Tarehe 16 Februari 2022 meli iitwayo Felicity Ace, iliyopakia magari yapatayo 4,000, iliwaka moto karibu na visiwa vya Azores na ikazama tarehe 1 Machi. Mabaharia wake wote 22 waliokolewa, magari hayakuokolewa.

Kuna na ada kongwe ya bahari ambayo wazee wa majahazi hawatashangaa kuisikia. Nahodha akilazimika kutosa sehemu ya shehena ili kuokoa chombo, hasara hiyo hugawanywa kwa wote wenye mali melini, hata yule ambaye gari lake limefika salama. Asiye na bima hutakiwa kuweka dhamana ya fedha kabla ya kupewa gari lake. Mwenye kununua kwa bei inayojumuisha nauli na bima aulize bima hiyo inalinda nini, maana muuzaji huweza kukata ile ya chini kabisa.

Gari likifika, lizungukwe kabla ya kutolewa bandarini: vioo, taa, tairi la akiba, jeki, redio na usomaji wa kilomita. Dhara inayoonekana iandikwe papo hapo na wakala wa meli aarifiwe kwa maandishi. Isiyoonekana kwa macho iarifiwe ndani ya siku tatu. Madai yasiyofikishwa mahakamani ndani ya mwaka mmoja hupotea. Kwa upande wa Forodha, sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka mzigo utolewe tamko ndani ya siku 21 tangu kuanza kuteremshwa, na ushuru hukadiriwa kwa kujumlisha thamani, bima na nauli. Kwa hivyo fedha za ushuru ziwe tayari kabla ya meli kutia nanga, na wakala wa kutoa mizigo apewe nakala za hati mapema.

Wanaopeleka magari yao Pemba wakumbuke kwamba safari ya Malindi hadi Mkoani au Wete ni mkataba mwengine na nauli nyengine. Bima iliyokatwa kuishia Unguja haivuki mkondo huo, na gari likaguliwe upya kabla ya kupandishwa chomboni.