Ndege Aliyeacha Kuruka Mara Mbili

Kusini-magharibi kabisa ya dola ya Shelisheli, mbali na mji wake mkuu na karibu zaidi na Bukini, ipo Aldabra, duara la visiwa vya matumbawe. Na humo anaishi ndege mmoja wa jamaa ya kukuziwa, mwenye kichwa na kifua cha rangi ya kutu na koo jeupe, ambaye hata ukimfukuza kwa kelele hawezi kuruka, bali atakuambaa hatua mbili tatu, kisha arejee kukudonoa viatu.

Asili yake ni Bukini, ambako ndugu zake huruka hata leo. Wahenga wake walipokikuta kisiwa kisicho na mnyama wa kuwawinda, mbawa zikawa gharama isiyo na faida, na vizazi kwa vizazi zikasinyaa. Kisha, yapata miaka 136,000 iliyopita, bahari ikapanda na kuigharikisha nchi yote, wakaangamia. Maji yalipopungua, wakaja wengine kutoka Bukini ile ile, nao wakaacha kuruka vile vile! Habari hii, ambayo ningaliidhania ngano lau si ushahidi wa mifupa iliyogeuka mawe, ilitangazwa mwaka 2019 na wataalamu wa Uingereza, Julian Hume na David Martill.

Adui wa zama zetu ni paka, aliyeletwa na binadamu. Grande Terre, kisiwa kikubwa kuliko vyote, alimmaliza ndege huyu, na Picard pia hakusalia. Lakini paka wa Picard walipotoweka, mwaka 1999 walihamishiwa huko ndege wachache kutoka kisiwa jirani cha Malabar, na leo wamekuwa maelfu.

Balaa jingine lilikaribia katika miaka ya 1960, serikali ya Uingereza ilipokusudia kujenga hapo kiwanja cha ndege za kivita. Wanazuoni wa Royal Society walipinga kwa hoja nzito. Hata hivyo shauri lilipoachwa mwaka 1967, nadhani upungufu wa fedha ndio uliosikilizwa zaidi.

Mwaka huo huo wa 1967 wataalamu walikitambua kijindege cha vichakani kilichoishi katika ukanda mwembamba wa pwani ya Malabar, wala si popote pengine duniani. UNESCO iliitia Aldabra katika urithi wa dunia mwaka 1982. Kijindege kile kilionekana mara ya mwisho mwaka 1983.