Lakshmi si Mamba Muntu

Swali ni lile lile, liwe limetoka kwa mwanafunzi wa chuo, kwa mama wa sokoni au kwa mchimbaji aliyekuja Makiso, hapa Kisangani, kuuza almasi yake: pete ya Kihindi inaleta pesa kweli? Nikisema hapana, linafuata la pili: basi wale Wahindu wenye maduka walipata wapi mali, kama si kwa Mamba Muntu? Nimeulizwa mara nyingi mno, na watu waliosoma, nami nimechoka kulijibu mlangoni.

Imani yenyewe hujengwa hivi. Mtu ameingia dukani, ameona ukutani picha ya mwanamke mrembo juu ya ua la yungiyungi, sarafu za dhahabu zikimiminika kutoka kiganjani mwake. Kando yake kuna picha ya mwanamume mwenye swila shingoni. Mwanamke, nyoka, pesa. Kwa aliyekulia kwenye habari za Mamba Muntu, mwanamke wa majini anayempa mtu utajiri kisha akadai roho ya ndugu yake, hesabu imekwisha.

Haijaisha. Yule mwanamke ni Lakshmi, mungu wa kike wa neema, mke wa mungu Vishnu. Hadai mtoto wala mjomba wa mtu. Huombwa nyumbani na familia nzima, watoto wakiwemo, taa zikiwaka mlangoni, hasa usiku wa Diwali, sikukuu ya taa. Siri iko wapi hapo? Na mwenye swila ni Shiva. Huyo ni mtawa wa mlimani, amejipaka majivu, hana duka wala akiba. Kumtazama mungu aliyeiacha dunia ukasema nyoka wake anatapika dola ni kuisoma picha kichwa chini.

Picha ya Mami Wata, ndugu wa Mamba Muntu huko Afrika Magharibi, nayo ina historia inayojulikana. Mtaalamu wa sanaa Henry John Drewal ameifuatilia mpaka Hamburg, Ujerumani, ambako miaka ya 1880 lilichapwa bango la mwanamke wa maonyesho aliyecheza na nyoka. Bango likafika Afrika Magharibi, watu wakamwona humo roho wao wa maji. Mwaka 1955 wachapaji wa Bombay walichapa nakala upya, kwa kuwa wafanyabiashara wa Ghana waliagiza. India iliuza karatasi. Haikumwabudu mwanamke yule. Wachoraji wetu wa Kongo nao wakamchora Mamba Muntu kwa namna yao, na sasa tunawarudishia Wahindi mzigo ambao si wao.

Jambo jingine linalorukwa: wafanyabiashara wengi wa asili ya India waliokaa mashariki ya Kongo tangu enzi za Wabelgiji walikuwa Waislamu Waismaili, wafuasi wa Aga Khan. Hata V. S. Naipaul, alipoandika riwaya yake ya mwaka 1979 kuhusu mji unaofanana sana na Kisangani, mwenye duka wake alitoka katika familia ya Waislamu wa pwani. Basi mtu anamsingizia Mwismaili kwamba amepata mali kwa miungu asiyoiabudu.

Mali ilipatikana kwa njia ya kuchosha: mkopo kutoka kwa jamaa wa Kampala au Mombasa, faida ndogo kwa kila kipande, na daftari. Wahindu wa Gujarat wana ibada ya kubariki madaftari ya hesabu wakati wa Diwali, mwaka wao wa biashara unapoanza. Anayetaka siri yao aanzie hapo, kwenye daftari. Na kama kulikuwa na nguvu ya kichawi ya kulinda maduka, ilikuwa wapi mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda? Ilikuwa wapi Novemba 1973, Mobutu alipotangaza Uzairishaji na biashara za wageni zikagawiwa wengine?

Wahindu wanaamini nini, basi? Hapa wengi wanataka sentensi moja, na haipo. Uhindu hauna mwanzilishi, hauna papa, hauna ungamo moja la imani. Wengi wanakubaliana kwamba nafsi haifi na mwili bali huzaliwa tena, na mzunguko huo huitwa samsara. Karma ni kwamba tendo humzalia mtendaji matunda yake. Kila mtu ana wajibu wake wa haki, dharma, na upeo wa yote ni moksha, kufunguliwa kutoka katika mzunguko. Utajiri si dhambi, umehesabiwa kati ya malengo manne ya maisha, ila lazima utii dharma.

Zaidi ya hapo njia zinaachana. Shankara, karne ya 8, alifundisha kwamba nafsi na Brahman, uhalisi wa mwisho, ni kitu kimoja. Madhva, karne ya 13, alisema Mungu na nafsi ni tofauti milele. Wako wanaomweka mbele Vishnu, wako wa Shiva, wako wa Mungu Mama, na madhehebu ya Mimamsa yalizishika Veda, maandiko yao ya kale, bila kuhitaji Mungu muumba. Nairobi peke yake inatosha kwa mfano. Arya Samaj, chama alichoanzisha Dayananda Saraswati mwaka 1875, kipo pale tangu 1903 na kinakataa sanamu kabisa. Wafuasi wa mwalimu Swaminarayan walifungua hekalu lao kubwa mwaka 1999, na humo sanamu huvishwa nguo na kupelekewa chakula kila siku. Baadhi ya wafuasi wa Swaminarayan waliwahi hata kwenda mahakamani India kudai kwamba wao si Wahindu. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwamba ni Wahindu.

Pete? Ndiyo, wako Wahindu wanaovaa vito kwa ushauri wa mnajimu, na Dayananda aliwashambulia wanajimu hao bila huruma. Lakini hata mnajimu huyo hauzi mapatano na nyoka, na kwa mwenye kuishika karma, hakuna chuma kinachofuta deni la matendo yako.

Kwa ufupi, maana nafasi inaisha. Anayekuuzia pete, mafuta au manukato ya Kihindi na kukuagiza usimwambie mkeo, mwache na uondoke. Ukishampa pesa, usiongeze nyingine ili akufungue. Pesa hiyo ya pili itie kwenye likelemba, akiba ya zamu. Mgonjwa naye apelekwe hospitali, si kwa muuza pete. Anayetaka kusoma atafute Bhagavad Gita. Tafsiri za Kifaransa zipo, naye asome yote, asichague mistari. Mwenye duka muulize kwa adabu picha ile ni ya nani, huenda akafurahi kukueleza. Ukifika hekaluni Kampala au Nairobi vua viatu, usiingie na nyama wala pombe, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukipewa chakula kilichobarikiwa, kipokee kwa mkono wa kulia.