Olita wa Siaya, na picha niipendayo pamoja na ila zake

Wahenga walinena kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi leo, ndugu msomaji, mimi nakohoa hadharani. Kwa zaidi ya miaka arubaini nimeipenda picha moja ya sinema ambayo mwenyewe najua ina ila chungu nzima, na sababu ya kuipenda ni mtu mmoja tu: marehemu Joseph Olita, mwana wa Siaya, aliyeigiza Idi Amin katika picha iitwayo Rise and Fall of Idi Amin. Wako watakaosema kwamba mtu wa makamo, tena aliyesomea chuoni kwa maalimu wa Mji wa Kale, hana haja ya kushughulika na picha ya mauaji. Nawaomba wanistahimilie hadi mwisho, kwani ninalotaka kulisema si la sinema pekee.

Picha yenyewe ilitoka mwaka 1981, mwongozaji wake akiwa Sharad Patel, na sehemu kubwa yake ilipigwa hapa hapa Kenya. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji wa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, Amin akatoroka, na picha ikatengenezwa kidonda kikiwa bado kibichi. Sisi Wakenya tulikuwa na hamu kubwa ya kuiona. Huyu ndiye jirani ambaye mwaka 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya nchi yetu ilikuwa ya Uganda. Huyu ndiye aliyetukosesha usingizi kwa miaka minane, leo kwa vitisho, kesho kwa vichekesho. Kumwona akianguka, hata kama ni kwa kuigizwa, kulikuwa kama kulipwa deni.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana mdogo, hata ndevu sijaota, nimetoka Mombasa kumzuru mjomba wangu aliyekuwa akikaa Kibera, mtaa wa Makina. Mjomba alioa huko huko, binti wa Kinubi, na mkaza mjomba alitulisha sote kwa gurusa na chai ya maziwa pasi na kubagua mwanawe na mwana wa wifi yake. Baba yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Babu, alikuwa askari wa zamani wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza. Kila shavu lake lilikuwa na chale tatu zilizosimama, chale za Wanubi wa kale, na kanzu yake haikukosa pasi hata siku moja.

Kwa msomaji asiyekuwa na habari za Kibera, nieleze kidogo. Wanubi ni kizazi cha askari waliotoka Sudan wakatumikia jeshi la Mwingereza, kisha mwanzoni mwa karne iliyopita wakapewa mahali pa kukaa katika msitu ule wa magharibi ya mji. Jina lenyewe, Kibra, kwa lugha yao maana yake ni msitu. Ni Waislamu, wana misikiti yao na arusi zao za nderemo, na kwa miaka mingi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ardhi waliyozikia wazee wao ni yao. Hati ya ekari 288 waliipata mwaka 2017, Babu akiwa zamani kaburini. Sasa, Amin alikuwa Mkakwa kwa upande wa baba, lakini watu wengi walimhesabu Mnubi, na Wanubi wa Uganda walikuwa wengi jeshini mwake. Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu.

Siku ya siku tulipanda basi, Mjomba, Babu na mimi, tukashuka katikati ya mji na kwenda kwa miguu hadi kwenye jumba la sinema. Babu hakuwa mtu wa sinema. Alifuatana nasi kwa kuwa Amin naye alitoka katika jeshi lile lile la King's African Rifles, akataka kusikia kitakachosemwa. Bawabu wa mlango alinitazama mara mbili kwa udogo wangu, Mjomba akanisukuma mbele, nikapita. Ndani, wimbo wa taifa ukapigwa na sote tukasimama, kama ilivyokuwa desturi siku zile. Kisha taa zikazimwa.

Bwana wee! Mtu yule alilijaza pazia lote. Mimi nilikuwa nimezoea mastelingi wa picha za Kihindi za Naaz na Regal kule kwetu, watu wa kuimba na kupigana ngumi bila ya nywele kuharibika. Huyu hakuwa kama wao. Olita alikuwa na mwili mzito uliokwenda kwa wepesi, kifua mbele, na macho yaliyotangulia kucheka kabla ya mdomo. Alipocheka, watu wa ukumbi mzima walicheka. Alipokatiza kicheko, ukumbi nao ulinyamaza, kila mmoja akijiuliza ni nani sasa atakayekufa. Kwa muda wa saa moja na nusu nilikuwa mateka wake. Nilimwogopa, na papo hapo nikataka arudi kila alipotoka.

Tulipotoka nje, vijana waliokuwa nyuma yetu wakaziona chale za mashavuni mwa Babu chini ya taa za barabarani. Mmoja akapiga ukelele: Amin! Wenziwe wakaitikia. Walitufuata hadi kituo cha basi wakimwita jina hilo, wakimwambia arudi kwake Uganda, yeye ambaye babake alizikwa Kibera. Sidhani kama walikuwa na chuki. Walikuwa wamefurahi tu, kama mimi nilivyofurahi. Babu hakugeuka wala hakuharakisha mwendo. Ndani ya basi alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Tulipofika Makina ndipo akasema neno moja, kwamba yule kijana aliyeigiza amefanya kazi yake, lakini waliomtuma hawakufanya ya kwao.

Nilichukua miaka mingi kuielewa hukumu ile. Sasa nazijua ila za picha ile kama nijuavyo nyufa za nyumba yangu. Kwanza, inapenda damu mno. Inatuonyesha vichwa vya watu ndani ya friji, uvumi uliokuwa ukisemwa mitaani, na inauweka sambamba na mambo yaliyotokea kweli: mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, kufukuzwa kwa Wahindi mwaka 1972, na tukio la Entebbe la mwaka 1976. Kweli na uvumi vimetiwa chungu kimoja, na mtazamaji haambiwi lipi ni lipi. Pili, haina subira ya kutueleza mtu yule alitoka wapi, nani aliyemfunza kuua, nani aliyempandisha cheo, na nani aliyemshangilia alipoipindua serikali ya Obote. Anatokea kama jini kutoka kwenye chupa.

La tatu ndilo kubwa. Denis Hills, mwandishi wa Kiingereza ambaye Amin alimhukumu kifo mwaka 1975 kwa maneno aliyoyaandika juu yake, kisha akaachiliwa, amepewa nafasi ndani ya picha ile ya kujiigiza mwenyewe. Lakini wengi wa watu wa Uganda humo huja kufa tu. Ilhali waliokufa walikuwa na majina na watoto. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, alichukuliwa mwaka 1972 asirudi tena. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977. Na hisabu itajwayo mara kwa mara ya waliouawa katika miaka ile minane hufika watu 300,000. Picha iliyowafanya watu wote hao kuwa pambo la kumtisha mtazamaji imewadhulumu mara ya pili.

Na sisi Waislamu tunalo letu la kuongeza. Amin alipokimbia, kuna mahali Uganda, kama vile Ankole, ambako Waislamu wasiokuwa na hatia waliuawa mwaka 1979 kwa kulipiziwa kisasi cha mtu aliyekuwa amekwisha kutoroka. Picha haina habari hiyo. Aliyeiona akatoka nje hakupewa chochote cha kumsaidia kupambanua baina ya dhalimu na mzee mwenye chale aliyekaa kiti cha pili yake.

Mtauliza, basi unaipendea nini? Naipenda kwa Olita. Na si kwamba wengine hawakujaribu. Amin mwenyewe alikuwa mchezaji wa kwanza wa Amin: mwaka 1974 Barbet Schroeder alimpigia picha ya maisha yake, na zilipotokea sehemu zisizompendeza Amin aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Kampala mpaka zikakatwa. Mwaka 1976 Mmarekani Godfrey Cambridge alipatwa na maradhi ya moyo akafa akiwa kazini kumwigiza, na nafasi yake ikachukuliwa na Julius Harris. Yaphet Kotto akafuatia mwaka 1977. Kisha akaja Forest Whitaker katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Huyo alikwenda Uganda, akajifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Oscar. Alistahiki, sina ubishi. Picha yake ni bora kuliko ya Olita kwa kila kipimo cha ufundi.

Walakini Whitaker ananionyesha mtu aliyesomwa kwa bidii. Olita alinionyesha mtu niliyemjua: chifu anayekutania mbele ya watu kisha akakufunga, bwana mkubwa anayecheka nawe mezani huku amekwisha kuandika jina lako. Watu kama hao tumewaona katika nchi zetu zote. Picha ilitaka kutuambia kwamba Amin alikuwa mnyama, nasi tungelala salama, maana sisi si wanyama. Olita, kwa kicheko kile, alituambia kwamba alikuwa mtu, tena mtu wa kupendeza, na kwamba sisi tuliokuwa tukicheka gizani tungemshangilia vile vile kama walivyomshangilia wa Kampala mwaka 1971. Hilo halikuwa maneno ya mwandishi wa picha. Alilitia yeye, kwa uso wake.

Na malipo yake yalikuwa nini? Mwaka 1991 aliitwa tena kumwigiza Amin, kwa nafasi ndogo, katika Mississippi Masala ya Mira Nair. Kwa watu wengi hakuwa tena Olita: alikuwa Amin, nyumbani na safarini. Amin wa kweli alikufa Jedda, Agosti 2003, bila ya kusimama mbele ya hakimu. Olita alifariki mwaka 2014, kwao Siaya, na habari za kifo chake zilianza kwa jina la mtu mwingine.

Nilipozisoma habari hizo nilimkumbuka Babu. Wazee wawili, mmoja Mjaluo na mmoja Mnubi, hawakupata kukutana, na wote wawili walibebeshwa jina la mtu aliyekuwa akila na kulala salama ng'ambo ya bahari. Mmoja alilipata kwa ustadi wa kazi yake, mwingine kwa chale alizochanjwa utotoni. Sote tuliosoma chuoni tunajua kwamba Suratul Hujurat inatukataza kuitana kwa majina ya kuchukiza. Tuliihifadhi tukiwa wadogo, na bado wapo vijana wetu wanaomwita mwenzao kwa jina la dhambi asiyoitenda.

Majumba mengi ya sinema ya Nairobi yamekwisha kufungwa, mengine yakageuzwa makanisa, mengine maduka. Picha ile bado ipo, na mara moja moja huitazama usiku, watu wa nyumbani wakiwa wamelala. Vichwa vya kwenye friji sivitazami. Namngoja Olita acheke, kisha nautazama uso wake kicheko kinapokatika, nami namwita kwa jina lake.